PICHA YA TEZI DUME INAPOTOA JIBU LA KATIKATI
Ni lini kipimo cha kinyama kinahitajika, na ni lini mtu anaweza kusubiri

Miongoni mwa barua zinazofika mezani pa makatibu wa vyama vya msingi, zimo ambazo hazihusu pembejeo, wala mizani, wala malipo ya pili. Ni barua za wanachama, aghalabu wazee waliokwisha kuvuka umri wa miaka 50, wanaoomba kusaidiwa fedha za nauli na matibabu. Baadhi yao huambatanisha karatasi ya daktari, na katika karatasi za namna hiyo huweza kuandikwa kwamba picha ya tezi dume imesomwa, alama ni 3, na jibu si la uhakika. Mzee humwuliza katibu: "Mwanangu, wewe umesoma. Hapa wanasema ninao ugonjwa au sinao?"

Katibu si tabibu, wala haimpasi kutoa jibu la kitabibu. Lakini mwanachama asipopata wa kumweleza maana ya maneno hayo, huweza kuangukia katika moja ya makosa mawili. La kwanza ni kudhani kuwa kwa vile ugonjwa haukuthibitika, basi haupo. Akarudi shambani, na asionekane tena hospitali mpaka siku mifupa ya mgongo itakapoanza kumwuma. La pili ni hofu; akauza ng'ombe wake kwa bei ya kutupa na kudai akatwe kinyama mara moja, hata pale ambapo hakuna haja. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kuichukua alama ya 3 kuwa ni hukumu. Alama hiyo si hukumu. Ni swali lililoachwa wazi, na zipo njia zinazojulikana za kulifunga. Makala haya yanakusudia kuzieleza.

TEZI DUME NA KIPIMO CHA DAMU

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume kilichoko chini ya kibofu cha mkojo, nacho huuzunguka mwanzo wa mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayochukua mbegu za uzazi. Kwa kijana ujazo wake hukaribia sentimita za ujazo 20 hadi 25. Umri unapoendelea, tezi hii hukua kwa wanaume wengi, ikaubana mrija. Ndipo mkojo unapotoka kwa udhaifu, na mzee kulazimika kuamka mara nyingi usiku. Kukua huko si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Ila saratani nayo yaweza kuanza katika tezi hiyo hiyo, na mwanzoni kwa kawaida haina dalili yoyote. Katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, Tanzania ikiwa mojawapo, hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume.

Uchunguzi mara nyingi huanza kwa kupima damu ili kujua kiasi cha protini iitwayo PSA, ambayo hutengenezwa na tezi dume. Kiasi hicho huandikwa kwa nanogramu katika kila mililita ya damu, na kwa miaka mingi kiwango cha 4 kimetumiwa kuwa mpaka wa kuanza kutia shaka. Hata hivyo PSA si kipimo cha saratani peke yake. Hupanda pia kwa sababu tezi imekua, au ina maambukizo, au mgonjwa amewekewa mpira wa mkojo, au ametoa mbegu siku moja au mbili kabla ya kupimwa. Kinyume chake, dawa za kupunguza ukubwa wa tezi, kama finasteride na dutasteride, zikitumiwa kwa miezi kadhaa hushusha PSA hadi karibu nusu yake. Mzee anayemeza dawa hizo asipomwambia daktari, namba yake itaonekana njema wakati si njema. Kwa ajili hiyo, PSA iliyopanda mara moja hurudiwa kwanza baada ya majuma machache, na kama kuna maambukizo hutibiwa kabla ya kurudia.

PICHA NA ALAMA ZAKE

Zamani, mwenye PSA ya juu alipelekwa moja kwa moja kuchukuliwa kinyama, yaani kile kipimo ambacho madaktari hukiita biopsi. Daktari huingiza sindano maalumu na kutoa vipande vyembamba vya tezi, aghalabu 10 hadi 12, kutoka sehemu mbalimbali. Kila aliyewahi kufanya kazi ghalani atalielewa jambo hili kwa mfano wa bambo, kile chuma chenye ncha kinachochomwa gunia ili kutoa punje za kuangalia. Bambo hutoa habari za mahali lilipopita tu. Likipita penye punje safi, gunia hupokewa kuwa safi, ingawa pembeni pana ukungu. Sindano nayo ni vivyo hivyo.

Picha ya MRI, inayopigwa kwa nguvu ya sumaku bila mionzi, imeleta mabadiliko makubwa, maana huonyesha mahali penye shaka kabla sindano haijaingia. Uchunguzi ulioitwa PROMIS, uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2017, uliwahusisha wanaume 576 ambao kila mmoja alifanyiwa vipimo vyote ili vilinganishwe. Ilionekana kwamba picha ilitambua asilimia 93 ya saratani zenye uzito, na sindano ya kawaida ilitambua asilimia 48 tu. Lakini picha ilikuwa na upungufu wake pia. Katika kila wanaume 100 wasiokuwa na saratani yenye uzito, iliweza kuwaondolea shaka 41 tu, na waliosalia iliwatilia shaka bure. Ndiyo kusema kwamba picha ni hodari wa kutilia shaka, lakini si hodari wa kuthibitisha.

Ili madaktari wa picha wazungumze lugha moja, wataalamu wa Ulaya walitoa mwaka 2012 utaratibu wa alama uitwao PI-RADS, ambao toleo lake la 2.1 lilitolewa mwaka 2019. Alama ni tano. Alama ya 1 na ya 2 maana yake ni kwamba saratani yenye uzito haielekei kuwapo. Alama ya 4 na ya 5 maana yake ni kwamba inaelekea kuwapo, na hapo kinyama huchukuliwa isipokuwa pakiwa na sababu maalumu ya kutofanya hivyo. Alama ya 3 iko katikati: daktari ameona doa, lakini halina sura ya wazi ya ugonjwa wala ya uzima.

Uchunguzi mwingine, ulioitwa PRECISION na kutangazwa mwaka 2018, ulihusisha wanaume 500 katika nchi 11. Miongoni mwa waliopigwa picha na kuchukuliwa kinyama mahali penye doa, saratani yenye uzito ilionekana kwa asilimia 83 ya wenye alama ya 5, asilimia 60 ya wenye alama ya 4, na asilimia 12 ya wenye alama ya 3. Hesabu nyingine zilizokusanywa baadaye zimeiweka alama ya 3 karibu na asilimia 20. Basi, wakikusanyika wazee 100 wenye alama ya 3, kati ya 12 na 20 wanahitaji kugunduliwa mapema, nao 80 au zaidi hawana ugonjwa wa kuwadhuru. Kazi iliyobaki ni kuwatenga hao wachache na hao wengi.

Hapa yafaa kutoa tahadhari moja. Ultrasaundi ya tumbo inayopatikana katika hospitali nyingi siyo picha inayozungumzwa hapa. Ultrasaundi hiyo hupima vizuri ukubwa wa tezi, lakini haiwezi kumhakikishia mtu kwamba hana saratani. Mwanachama asiichukue karatasi ya ultrasaundi isemayo "tezi imekua tu" kuwa ni cheti cha uzima.

KWA NINI WASICHUKULIWE KINYAMA WOTE

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kuna shaka, kwa nini kila mmoja asichukuliwe kinyama mambo yakaisha? Sababu ni tatu.

Kwanza, kipimo chenyewe kina madhara. Damu katika mkojo, katika choo au katika mbegu ni jambo la kawaida kwa siku au majuma kadhaa. Wengine hushindwa kukojoa kwa muda. Wachache hupata maambukizo yanayoingia katika damu, nayo huweza kuwa ya hatari, hasa sindano inapopitishwa kwenye njia ya haja kubwa. Njia ya kupitisha sindano katika ngozi iliyo kati ya pumbu na njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo, ingawa haipatikani kila mahali.

Pili, si kila saratani ya tezi dume inahitaji kutafutwa. Zipo zinazokua polepole mno, zisizomsumbua mtu maisha yake yote. Uchunguzi wa Uingereza ulioitwa ProtecT uliwafuatilia kwa takribani miaka 15 wanaume 1,643 ambao saratani yao iligunduliwa kwa PSA ikiwa bado ndani ya tezi. Baadhi walifanyiwa upasuaji, baadhi walipewa tiba ya mionzi, na baadhi walikuwa chini ya uangalizi tu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, yaani chini ya 3 katika kila 100, na makundi yote matatu hayakupishana kwa kiasi cha maana. Kuigundua saratani ndogo isiyo na madhara kwaweza kumtia mtu katika tiba zinazomwachia udhaifu wa nguvu za kiume na kushindwa kuzuia mkojo, bila ya kumwongezea maisha.

Tatu, ni gharama. Safari ya hospitali kubwa, malazi ya msindikizaji na malipo ya maabara si mzigo mdogo kwa mkulima. Fedha hizo ni halali kutumika penye haja, lakini ni msiba zikitumika pasipo haja.

HESABU INAYOSAIDIA KUAMUA

Njia iliyo rahisi na yenye manufaa makubwa kwa mwenye alama ya 3 ni kuilinganisha PSA yake na ukubwa wa tezi yake. Tezi kubwa hutoa PSA nyingi kwa sababu ya ukubwa wake tu; tezi ndogo itoapo PSA nyingi, pana jambo la kutafutwa. Ni sawa na mkaguzi wa hesabu anayekuta upungufu wa kilo katika ghala: hawezi kusema ni mwingi au mchache mpaka ajue ghala lilipokea mzigo kiasi gani.

Ujazo wa tezi hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo chake kwa sentimita, kisha kuzidisha kwa 0.52. Halafu PSA hugawanywa kwa ujazo huo. Tuchukue mfano wa wanachama wawili wa chama kimoja, wote wenye umri wa miaka 64, wote PSA yao ni 7.2, na wote wamepewa alama ya 3.

Tezi ya mwanachama wa kwanza ina vipimo vya 6.0 kwa 5.5 kwa 5.2. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 89. Ukigawanya 7.2 kwa 89 unapata 0.08.

Tezi ya mwanachama wa pili ina vipimo vya 4.5 kwa 3.6 kwa 3.8. Ujazo wake ni 32. Ukigawanya 7.2 kwa 32 unapata 0.225.

Kwa karatasi, wazee hawa wawili wanafanana. Kwa hesabu, wametengana mbali. Penye alama ya 3, madaktari wengi huona kwamba jibu lililo chini ya 0.10 laweza kumruhusu mgonjwa asubiri chini ya uangalizi, lililozidi 0.15 huelekea upande wa kuchukua kinyama. Na likizidi 0.20 msukumo huwa mkubwa zaidi. Baina ya 0.10 na 0.15 uamuzi hutegemea mambo mengine. Mwanachama wa kwanza, asipokuwa na jambo jingine la kutia shaka, anaweza kusubiri. Mwanachama wa pili asisubiri.

MAMBO MENGINE YANAYOTIWA KATIKA MIZANI

Hesabu hiyo haiamui peke yake. Daktari huangalia pia mambo yafuatayo:

1. Tezi inavyohisika kwa kidole. Kipimo hiki wazee wengi hukionea haya, lakini ni cha dakika moja. Daktari akigusa gumba gumu, kinyama huhitajika hata kama hesabu ni ndogo.

2. Ukoo. Mwenye baba au ndugu wa kuzaliwa naye aliyepata saratani hii ana hatari zaidi, hasa kama aliyeugua aliugua akiwa bado na umri mdogo. Vilevile saratani ya matiti kwa mama au dada yaweza kuashiria urithi unaohusika.

3. Mwendo wa PSA. Namba inayopanda kila inapopimwa hutia shaka kuliko iliyotulia kwa miaka. Kwa hiyo karatasi za zamani zina thamani, wala zisitupwe.

4. Umri na hali ya mwili. Kwa mzee aliyedhoofika kwa maradhi mengine, kugundua saratani ndogo hakuna faida. Kwa mtu wa miaka 55 mwenye nguvu zake, kuchelewa kuna hasara kubwa.

5. Ubora wa picha na msomaji wake. Alama ya 3 mara nyingine hutokana na picha hafifu, au msomaji asiye na mazoea ya tezi dume. Picha hiyo hiyo ikisomwa na bingwa mwingine, alama yaweza kushuka kuwa 2 au kupanda kuwa 4. Tena, kwa doa lililo katika eneo la pembeni la tezi, dawa inayodungwa mshipani ili kung'arisha picha ndiyo inayoweza kuipandisha alama ya 3 kuwa 4. Ni halali kuuliza kama dawa hiyo ilitumika.

Ikiamuliwa kwamba kinyama kichukuliwe, mgonjwa amwambie daktari mapema kama anatumia dawa za kufanya damu kuwa nyepesi, kama ana kisukari, na kama amewahi kudhurika kwa dawa yoyote. Akipata homa au kutetemeka kwa baridi baada ya kipimo, arudi hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

KUSUBIRI SI KUSAHAU

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mzee aliyeambiwa "tusubiri" huelewa kwamba ameruhusiwa kwenda zake. Sivyo. Kusubiri ni mpango wenye tarehe. Kwa kawaida PSA hupimwa tena baada ya miezi 6, na picha yaweza kurudiwa baada ya mwaka mmoja, kwa kadiri daktari atakavyoona. Doa likikua, au alama ikipanda, au hesabu ya PSA kwa ujazo ikiongezeka, basi kinyama huchukuliwa. Hata aliyechukuliwa kinyama na kuambiwa ni salama hana budi kuendelea kuangaliwa, kwa sababu ile ile ya bambo.

Zipo dalili ambazo hazingoji tarehe: kushindwa kabisa kukojoa, damu katika mkojo, maumivu ya mgongo au nyonga yasiyopoa, kukonda pasipo sababu, na hasa miguu kulegea au kufa ganzi. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali bila kuchelewa.

KAZI YA KATIBU

Katibu wa chama hawezi kusoma picha, lakini anaweza kufanya mambo manne yenye manufaa.

Kwanza, atunze siri. Ugonjwa wa mwanachama si ajenda ya mkutano. Kamati ikipelekewa ombi la fedha, yatosha kuelezwa kwamba ni kwa ajili ya matibabu kwa mujibu wa barua ya daktari.

Pili, amhimize mwanachama kuhifadhi karatasi zote mahali pamoja: namba za PSA na tarehe zake, ujazo wa tezi, alama ya picha, na majina ya dawa anazotumia. Mara nyingi mgonjwa hurudishwa, au hulipishwa kipimo mara ya pili, kwa sababu karatasi imepotea.

Tatu, amsaidie kuandika maswali kabla ya safari, kwa kuwa mbele ya daktari wazee wengi husahau. Maswali yenyewe ni haya: PSA yangu imerudiwa? Ujazo wa tezi yangu ni kiasi gani, na ukigawanya PSA kwa ujazo huo inapatikana ngapi? Tezi imepimwa kwa kidole? Picha yaweza kusomwa na mtu wa pili? Nikisubiri, nirudi tarehe ngapi? Nikichukuliwa kinyama, kitachukuliwa mahali penye doa, na sindano itapita njia gani?

Nne, aandike tarehe ya kurudi, kwa ridhaa ya mwanachama, na kumkumbusha inapokaribia. Chama kinachokumbuka tarehe ya kupokea mbolea hakishindwi kukumbuka tarehe ya mwanachama wake.

Mzee aliyeuliza kama anao ugonjwa au hanao anastahili jibu la kweli. Jibu lenyewe ni hili: "Mzee, picha haijasema. Lakini zipo namba mbili ambazo daktari akizigawanya zitatuonyesha tuelekee wapi. Twende tukazitafute katika karatasi zako."